Kuchagua laptopu ya kugeuza kuwa tableti kwa bei nafuu: kagua bawaba, kioo na betri kabla ya prosesa

Ukiingia duka la kompyuta zilizotumika, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, muuzaji ataanza na prosesa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na ukubwa wa SSD (hifadhi ya mafaili). Kwa laptopu ya kawaida hayo yanakaribia kutosha. Kwa ile inayogeuka tableti hayatoshi hata kidogo, kwa sababu kinachoifanya iwe tableti ni bawaba inayozunguka, kioo cha kugusa, vihisi vinavyojua imegeuzwa upande gani, na kalamu. Hivi ndivyo vinavyochoka mapema, ndivyo vyenye gharama kwa fundi, na ndivyo ambavyo muuzaji mara nyingi hajavipima. Mwongozo huu unavipa nafasi vinayostahili.

Tunazungumzia zilizotumika kwa makusudi. Ya kugeuza iliyo mpya na ya bei ya chini kwa kawaida huja na prosesa dhaifu ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64 iliyochomelewa kwenye bodi. Baada ya Windows na masasisho yake kukaa humo, nafasi inayobaki ni finyu mno, na sasisho kubwa linalofuata hukwama kwa kukosa pa kufungulia mafaili. Pesa ileile, ukiipeleka kwenye mashine ya ofisini ya mwaka 2018 au 2019 iliyotoka Ulaya, Marekani au Dubai, hupata mwili wa chuma chepesi, Core i5, RAM ya GB 8 na SSD halisi.

Hatua ya 1: Amua utaishikaje

Kuna maumbo mawili. La kwanza ni la bawaba ya nyuzi 360: kibodi haitoki, inakunjwa hadi nyuma ya kioo. Mashine za namna hii zenye kioo cha inchi 13 huwa na uzito wa kati ya kilo 1.2 na 1.6. Ukiigeuza kuwa tableti bado umebeba kilo zote hizo, kwa hiyo ni tableti ya kuweka mezani, mapajani au kuisimamisha kama hema jikoni. Kuishika kwa mkono mmoja ukiwa umesimama, dakika kumi tu mkono unauma.

La pili ni la kibodi inayochomoka. Kompyuta nzima iko nyuma ya kioo, kibodi ni kifuniko tu: Surface Pro na Surface Go za Microsoft, HP Elite x2, Dell Latitude 5290 2-in-1, ThinkPad X1 Tablet. Surface Pro 6 bila kibodi ina gramu 770 hivi, Surface Go ya kwanza gramu 522. Hapo mkono unapumua. Lakini kuandika ukiwa umeipakata ni taabu: kigingi cha nyuma, yaani mguu wa kuisimamishia, kinataka paja refu na kibodi inanesa.

Mtu anayeandika sana, yaani mwanafunzi wa chuo, mwalimu, karani au mtafsiri, achukue ya bawaba. Mtu anayetembea nayo, kama msimamizi wa ujenzi, mkusanya takwimu au mchoraji, achukue ya kuchomoa. Na kama unachotaka ni kusoma PDF na kutazama video kitandani, usinunue yoyote kati ya hizi. Kishikwambi cha kawaida, kama vile Watanzania wengi walivyovizoea wakati wa Sensa ya 2022, pamoja na laptopu ya kawaida yenye bawaba ya kawaida, vitakugharimu kidogo na vitadumu zaidi.

Hatua ya 2: Soma kizazi cha prosesa, usisome jina la i5 pekee

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, Core za kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi husomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-10210U ni cha 10, i5-7300U ni cha 7. Kwa zile ndogo, Celeron N4100, N4120 na Pentium N5000 zimekubaliwa. N3350 na N3060 hazimo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Fundi anaweza kulazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha 6 au cha 7, ikawaka vizuri na kupendeza machoni. Tatizo huja baadaye, maana mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, na sasisho kubwa la mwaka linaweza kukataa kabisa. Kwa hiyo kuona Windows 11 kwenye kioo si ushahidi wa chochote. Bonyeza kitufe cha Windows na R kwa pamoja, andika `msinfo32`, usome mstari wa prosesa mwenyewe. Kisha rudia kwa `tpm.msc` uone kama toleo lililoandikwa ni 2.0.

Tofauti ya kizazi hujificha kwenye herufi au namba moja ya jina:

- HP EliteBook x360 1030 G2 ni kizazi cha 7. G3 ni cha 8.
- ThinkPad X1 Yoga ya pili ni kizazi cha 7. Ya tatu ni cha 8.
- ThinkPad Yoga 370 ni kizazi cha 7. Mrithi wake, X380 Yoga, ni cha 8.
- Surface Pro ya 2017, ambayo watu huiita Pro 5, ni kizazi cha 7. Pro 6 ni cha 8. Zote mbili zimechapwa namba 1796 chini ya kigingi, kwa hiyo namba hiyo haikusaidii. `msinfo32` ndiyo inayosema kweli.

RAM iwe GB 8, isipungue. Mashine nyingi za aina hii RAM yake imechomelewa, huwezi kuiongeza baadaye hata ukimpata fundi hodari: Surface zote za Pro, X380 Yoga, HP 1030, Dell Latitude 7390 2-in-1. Zenye nafasi za kuchomeka RAM ni chache na zinafaa kutafutwa hasa: ThinkPad L380 Yoga na L390 Yoga, HP EliteBook x360 830 G6, Dell Latitude 5300 2-in-1. Ni nene na nzito kidogo kuliko wenzake, na hilo huwafanya watu wazipite. Kwa mwenye bajeti ndogo, hizi ndizo chaguo letu la kwanza, kwa sababu unaweza kuanza na GB 8 leo ukaongeza mwakani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bei kamili

Bei ya kwenye kibandiko ni ya mashine, na mara nyingine ni ya mashine isiyokamilika. Ongeza hivi kabla ya kulinganisha mbili:

Kibodi. Surface inayouzwa bei ya kushangaza huwa haina kibodi. Kibodi ya Surface Pro haiingiliani na ya Surface Go, na bila kibodi umenunua tableti nzito ya Windows.

Chaja. Surface Pro 4 hadi 6 hazina tundu la USB-C, zinatumia chaja yao ya sumaku, na chaja bandia zimejaa. Pro 7 ilileta USB-C. HP, Dell na ThinkPad za kizazi cha 8 nyingi huchajiwa kwa USB-C ya wati 45 au 65, na hiyo ni faida kubwa panapokatika umeme, kwani betri ya kubebeka yenye wati 65 inaweza kuichaji. Ukipewa chaja yenye plagi ya Ulaya au Marekani, soma maandishi yake. Ikiandikwa 100–240V inatosha kubadili waya au plagi, hakuna haja ya transfoma.

Kalamu. Hili linataka umakini. Kuna mifumo inayotofautiana na haisikilizani: Surface hutumia MPP, ThinkPad na Dell nyingi za ofisini hutumia Wacom AES, na HP imetumia yote miwili kwa nyakati tofauti. Kalamu ya mfumo mwingine haitaandika hata nukta. Usinunue kalamu ya barabarani kwa kuambiwa "inaingia zote". Iandikie kwenye kioo hichohicho unachonunua. X380 Yoga, L380 Yoga na L390 Yoga zina kalamu ndogo inayoingia ubavuni na kujichaji humo. Tundu likiwa tupu, hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Kalamu kubwa nyingi hutumia betri ya AAAA, nyembamba kuliko AAA, na si kila duka la mtaani linaiuza.

Mfano: mashine A ni shilingi 650,000 na haina kibodi wala kalamu, mashine B ni 780,000 na ina vyote. Ukiambiwa kibodi ni 120,000 na kalamu 70,000, A imekuwa 840,000. Ya nafuu ni B.

Hatua ya 4: Dukani, omba nusu saa na kiti

Winga, yaani dalali wa dukani, atakuharakisha. Ndiyo kazi yake, na si mtu mbaya, lakini wewe kaa. Muuzaji anayekataa mashine isipimwe nusu saa ameshakupa jibu.

*Bawaba kwanza, ikiwa imezimwa.* Ilaze juu ya meza bapa. Ikiyumba, au kifuniko cha chini kimebinuka, au kitufe cha padi ya kugusa ni kigumu kubonyea, betri imevimba na inasukuma kutoka ndani. Kwenye Surface dalili ni kioo kunyanyuka pembeni kikaacha mwanya. Mashine ya namna hiyo usiichukue kwa bei yoyote, kwani betri iliyovimba inaweza kushika moto. Kisha fungua polepole ukitazama pembe mbili za chini za kioo, pale bawaba inapoingia. Ukiona fremu inaachana na mgongo, nguzo za skrubu ndani zimevunjika, na kila ukifungua zitazidi kuachana hadi waya wa kioo ukatike.

*Iwashe, weka video, igeuze.* Zungusha kutoka nyuzi 0 hadi 360 taratibu, mara nne. Kioo kikimeta au kutoa mistari kwenye pembe fulani tu, waya wa kioo unaopita kwenye bawaba unachanika. Isimamishe kama hema, isiteleze yenyewe. Irudishe kama laptopu, uguse kioo kwa kidole: kutikisika kidogo ni kawaida, kudondoka nyuma si kawaida.

Ukipita nyuzi 180, kibodi lazima ife. Bonyeza vitufe upande wa nyuma. Vikiandika, kihisi hakifanyi kazi, na kila ukiishika kama tableti vidole vyako vya nyuma vitakuwa vinaandika. Geuza pia pande nne uone picha inafuata. Isipofuata, angalia kwanza kama kizuizi cha kuzunguka (rotation lock) kimewashwa. Kama hakijawashwa, mara nyingi kosa ni dogo: Windows iliwekwa upya bila viendeshi (drivers) vya vihisi. Omba iunganishwe na intaneti isasishwe, kisha ujaribu tena. Ikikataa hata hapo, ni kihisi chenyewe.

*Kioo cha kugusa.* Fungua Paint. Chora mistari ya mlalo kwa kidole kutoka ukingo hadi ukingo, ukiacha kama sentimita moja kati yake, kisha ya wima. Mstari ukikatika mahali palepale kila unapopita, kuna ukanda uliokufa. Ukanda huo huwa pembeni, kwenye kitufe cha kufunga dirisha, na ndiyo sababu muuzaji hajauona. Rudia zoezi zima kwa kalamu: kuna vioo vilivyobadilishwa na fundi ambavyo vinasikia kidole lakini havisikii kalamu.

Sasa acha mashine bila kuigusa dakika tano, chaja ikiwa imechomekwa, kisha dakika tano bila chaja. Mshale ukirukaruka wenyewe wakati wa chaja tu, kosa ni chaja duni yenye umeme mchafu, si kioo, na ukibadili chaja tatizo linaisha. Ukiruka hata bila chaja, kioo kina hitilafu.

Kuhusu Surface Pro 4: vioo vyake vingi hupata ugonjwa wa kutetemeka vikishapata joto. Microsoft ilikubali tatizo hilo mwaka 2018 na kubadilisha bure zilizokuwa ndani ya miaka mitatu tangu kununuliwa. Muda huo umepita zamani. Dukani, ikiwa baridi, itaonekana nzima kabisa. Ni ya kizazi cha 6 kwa vyovyote, hivyo iache.

*Betri.* Tafuta `cmd`, ifungue, andika `powercfg /batteryreport`. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue kwenye kivinjari. Linganisha namba mbili: ujazo wa kiwandani (Design Capacity) na ujazo wa sasa ikijaa (Full Charge Capacity). Kama ilitoka kiwandani na 57,000 mWh na sasa inajaa 34,000, imebaki asilimia 60. Juu ya 80 ni nzuri. Kati ya 60 na 80, punguziwa bei. Chini ya 60, hesabu betri mpya ndani ya bei yako.

Ripoti hiyo huweza kudanganya pale betri bandia inapojitangaza kuwa mpya. Kwa hiyo chomoa chaja, weka mwanga nusu, cheza video dakika 15. Ikishuka zaidi ya asilimia 10, haitafika saa mbili na nusu.

Umbo la mashine lina maana kubwa hapa. Kwenye za bawaba, betri iko chini ya kifuniko cha skrubu chache na fundi wa kawaida huibadili haraka. Kwenye Surface Pro za zamani, kioo kimegandishwa kwa gundi. Lazima kipashwe moto na kubanduliwa, na vingi hupasuka hapo. Betri mbovu kwenye ThinkPad ni gharama inayovumilika, kwenye Surface karibu ni mwisho wa mashine.

*Tundu la USB-C.* Chomeka chaja, tikisa waya kidogo. Alama ya kuchaji isikatike. Matundu yakiwa mawili, jaribu yote. Kwa ThinkPad za 2017 hadi 2019 zenye Thunderbolt (aina ya USB-C yenye kasi zaidi), kama X1 Yoga na X380 Yoga, kuna kasoro ya programu ya ndani (firmware) inayoweza kuua tundu hilo. Lenovo ilitoa sasisho la kuizuia, nalo liwe jambo la kwanza ukifika nyumbani.

*Kibodi.* Mashine za Ujerumani zina Z mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Kwa anayeandika Kiswahili, ambacho hakipiti sentensi bila "ya" au "za", hilo linachosha. Unaweza kubadili mpangilio kwenye Windows, lakini herufi zilizochapwa zitabaki zilivyo. Za Ufaransa zina AZERTY, ambayo msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi pengine ndiyo anayoitaka.

Hatua ya 5: Hakikisha haina mwenyewe mwingine

Mashine nyingi hizi zilikuwa za makampuni na shule. Nyingine ziliuzwa kabla ya kuondolewa kwenye orodha ya kampuni, na nyingine ziliibwa. Kufuli zake ni tatu.

Kwanza, nywila ya BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows. Zima, washa huku ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo. Kwa Surface shikilia kitufe cha kuongeza sauti unapowasha. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, rudisha mashine. Ukiingia bila shida, tafuta neno Absolute au Computrace. Likisomeka limewashwa, huenda kuna kampuni inayoweza kuifunga kutoka mbali.

Pili, usajili wa kampuni kwa Microsoft. Huu hauonekani hadi Windows irejeshwe upya ikiwa na intaneti. Hapo ndipo hutokea jina la kampuni likidai barua pepe ya kazini. Mwambie muuzaji airejeshe upya mbele yako, iunganishwe na intaneti ya simu yako, uone hatua za mwanzo. Inachukua muda, na inafaa kila dakika.

Tatu, kwa Chromebook, yaani laptopu inayotumia ChromeOS ya Google badala ya Windows: usajili wa shule au taasisi. Ukiona ujumbe kwamba kifaa kinasimamiwa na taasisi fulani, kufuta kila kitu hakutakiondoa. Iache. Na ukiwa hapohapo, fungua sehemu ya kuhusu ChromeOS uangalie tarehe ya mwisho ya masasisho. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba Chromebook zilizotoka kuanzia 2021 zitapata masasisho miaka 10. Za kabla ya hapo nyingi muda wake ni mfupi zaidi. Chromebook ya kugeuza ni nyepesi, inatunza betri na inaendesha programu nyingi za Android. Lakini haiendeshi Office kamili ya Windows wala programu za uhasibu za kusakinisha, basi thibitisha kwanza kazi zako zinafanyika kwenye kivinjari.

Hatua ya 6: Lipa, kisha itumie kwa nguvu

Dai risiti halali, ya EFD Tanzania au ya eTIMS Kenya, yenye namba ya mfululizo (serial number) ya mashine iliyoandikwa humo, si "laptop 1" tu. Mwambie aandike muda wa dhamana na kwamba dhamana inahusu kioo cha kugusa na bawaba, kwa kuwa wengi huvitoa kimyakimya. Piga picha ya namba iliyo chini ya mashine ukiwa kaunta.

Siku saba za kwanza usiitunze kama yai. Ichaji hadi mwisho, itumie hadi izime. Igeuze mara ishirini kwa siku. Andika kwa kalamu ukurasa mzima, kiganja kikiwa juu ya kioo, uone kama kiganja kinachafua maandishi. Iache icheze video saa mbili mchana wa joto, hasa kama uko pwani, kwa kuwa zile zisizo na feni hupunguza kasi zikipata joto, na kioo chenye ugonjwa uliofichika hujitokeza wakati huo. Hitilafu yoyote, irekodi kwa video ya simu siku hiyohiyo, kwa maana kioo kinachotetemeka nyumbani kina tabia ya kutulia kikifika dukani.